Kosa Lilikuwa Fluksi, Si Moto

Kishikio cha boila kwenye modeli ya garimoshi la Garratt kiliharibika dakika fundi alipoongeza moto. Mliotazama video yake mliona: waya wa stenlesi wa kishikio umelala kwenye shaba njano ya boila, lehemu inajiviringa kama shanga na kudondoka, naye anapandisha chuma cha kulehemu kutoka nyuzi 350 hadi 450. Simung'unyi maneno: uamuzi ule ulikuwa mbovu.

Lehemu ya 60/40 huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, kwa hiyo kwenye 350 ilikuwa maji tayari. Kilichoikataa ni utando wa oksidi ya kromi, huo huo unaoikinga stenlesi na kutu. Fluksi ya utomvu, iliyomo ndani ya lehemu za mafundi redio, haina nguvu ya kuung'oa. Ukizidisha joto, utomvu unaungua na kuacha uchafu mweusi, na oksidi inazidi kukomaa. Kila digrii aliyoongeza ilimrudisha nyuma. Tena stenlesi hupitisha joto kwa shida kuliko shaba, basi boila ndiyo iliyoubeba moto wote. Rudieni pale ncha ya mshipi wa pili wa boila inapoinuka: hiyo ni lehemu ya kazi ya awali ikiachia.

Tone moja la fluksi ya asidi ya fosfori lingetosha. Sugua waya kwa msasa, uupake lehemu ukiwa peke yake, ndipo uulete kwenye boila; ukimaliza, osha kwa maji moto na sabuni, maana asidi ikibaki hula shaba. Mafundi bati wa zamani hawakuwa na kipimo cha joto. Walitia vipande vya zinki kwenye asidi ya haidrokloriki mpaka povu litulie, wakapaka dawa hiyo, na lehemu ikatambaa yenyewe. Wao lehemu ikigoma walitazama dawa kwanza. Leo tunatazama namba kwenye mashine.

Bomba la moshi la metali nyeupe fundi wetu alilifunga vizuri: shaba ilipakwa lehemu kwanza, kisha ikaja lehemu inayoyeyuka kwenye nyuzi 70.

Halafu kishikio akakibandika kwa supa gluu! Nimeipigia kelele gundi hii katika safu hii na sitachoka. Beyer Peacock wa Manchester waliunda Garratt 34 za daraja la 59, za tani 252, mwaka 1955 na 1956. Nambari 5918, Mount Gelai, ipo makumbusho ya reli Nairobi, na yeyote anaweza kwenda kuona vishikio vyake vilivyofungwa. Modeli yake inastahili kiungo cha metali.

Katika sehemu ijayo ya video ameahidi mabomba ya mvuke, ya kulehemu, sentimita moja kutoka kwenye kishikio. Joto likifika, gundi itaachia na moshi wake utamchoma macho. Akibandue kishikio sasa, akwangue gundi yote, aanze upya na asidi.