Namna ya Kuitambua Modeli Bora ya Jengo Lililotoweka

Ukionyeshwa kwenye skrini modeli ya 3D ya jengo la kale, usikimbilie kusifu mng'ao wake. Rangi nzuri na jua la machweo huwekwa kwa kubofya mara chache. Ubora wa kazi hii uko kwingine: je, fundi amekuonyesha kipimo kinaishia wapi na makisio yanaanzia wapi? Sisi wa Lokichar, Lodwar na Kakuma, huku Turkana, tuna sababu ya kulishikilia swali hilo. Nyumba za asili za Waturkana ni za fito, ngozi na makuti ya mkoma, na zikishaondoka haziachi ukuta wa kumsuta mwongo.

Anza na chimbuko la vipimo. Modeli yenye thamani kubwa ni ile ya jengo lililopimwa likiwa bado limesimama. Mfano wa karibu ni Kasubi, Kampala. Muzibu Azaala Mpanga, jengo kuu la makaburi ya makabaka (wafalme wa Buganda), lilijengwa mwaka 1882 na likateketea usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Bahati ni kwamba mwaka 2009 lilikuwa limepimwa kwa skana ya leza, na data ikahifadhiwa na shirika la CyArk. Kama jengo halikuwahi kupimwa, fundi hutegemea picha za zamani, michoro na kumbukumbu za wazee. Si dosari, mradi aseme ni picha gani, ya mwaka gani, na ilipigwa kutoka upande upi. Asiyetaja vyanzo vyake hajamaliza kazi.

Kisha sogeza picha karibu. Modeli nyingi hutengenezwa kwa fotogrametria: mamia ya picha zinazopishana, ambazo kompyuta huzilinganisha na kukokotoa umbo. Tazama vivuli. Ukiona doa jeusi lililoganda chini ya kila jiwe, ujue picha zilipigwa jua likiwa kali, na kivuli kile sasa kimekuwa rangi ya ukuta. Fundi makini hapa kwetu hupiga picha alfajiri kabla jua halijachomoza, au siku ya mawingu. Tazama pia kingo za makuti. Paa la nyasi huisumbua kompyuta, kwa hiyo kazi ya haraka hutoa paa lililoyeyuka kama nta. Kazi nzuri huonyesha tabaka za uezekaji na mahali zinapopandana. Mwisho, tafuta fimbo ya vipimo iliyowekwa pale wakati wa kupiga picha. Bila fimbo hiyo umbo linaweza kuwa sahihi huku ukubwa ukiwa wa kubuni.

Tafuta mpaka wa makisio. Mkataba wa London wa mwaka 2006, unaoongoza taswira za kompyuta katika urithi wa kale, unadai uwazi huu. Upime kwa Lothagam, kusini-magharibi mwa Ziwa Turkana. Wafugaji wa takriban miaka 5,000 iliyopita walijenga huko jukwaa la mawe lenye kipenyo cha mita 30 hivi, wakasimamisha nguzo na kuzika watu wanaokadiriwa kufika 580 au zaidi. Wanaakiolojia walichimba sehemu tu, na kwingine wakapima kwa rada ipenyayo ardhi. Modeli ya kuaminika ya mahali hapo ingetumia rangi moja kwa kilichochimbwa, nyingine kwa kilichoonwa na rada, na ya tatu kwa kilichokisiwa. Inayopaka yote rangi moja imemnyima mtazamaji haki ya kuuliza.

Uliza mikono ilifanya nini. Hapa ndipo kazi nyingi huanguka. Akai, nyumba ya kulala ya Mturkana, hujengwa na akina mama: fito huchomekwa ardhini kwa duara, hukunjwa zikutane juu, hufungwa, kisha hufunikwa. Modeli inayoonyesha kuba la nje tu ni ganda. Iliyo bora huonyesha fito ipi ilitangulia, fundo lilifungwaje, na mlango ulielekea wapi, tena ikiambatana na sauti ya mama aliyejenga, akitambuliwa kuwa mtaalamu. Hata Kasubi, skana haikuweza kuezeka paa. Uezekaji ule ni kazi ya ukoo wa Ngeye, na ujuzi wao ulihitajika ili jengo lisimame tena. Mwaka 2023 UNESCO iliiondoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Mwisho, uliza faili inakaa wapi. Visukuku vya Turkana vimetutangulia: kupitia africanfossils.org, mwanafunzi wa Lodwar anaweza kuligeuza fuvu la kale kwenye simu yake, kulipakua, hata kulichapisha kwa printa ya 3D. Modeli ya jengo iliyofungiwa kwenye kompyuta moja ya ng'ambo, kwa programu ya kulipia, haijaurudisha urithi kwa wenyewe.

Kwa hiyo, kati ya modeli inayong'aa bila vyanzo na modeli yenye mapengo yaliyotajwa wazi, chagua yenye mapengo. Na kwa kuwa kipimo bora ni kile cha jengo lililo hai, tusingoje. Nyumba ya Lodwar alimozuiliwa Jomo Kenyatta kuanzia 1959 hadi 1961 ingali imesimama, na akina mama wanaojua kujenga akai bado wako nasi. Nyumba zipimwe, na akina mama hao wasikilizwe sasa.