Kitufe Kilekile, Darasa Tofauti

Katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, madarasa mawili ya fizikia, kila moja na wanafunzi wapatao 270, yalifundishwa mada moja kwa wiki moja: mawimbi ya sumakuumeme. Darasa la kwanza lilibaki na mhadhiri wake mzoefu, anayependwa na wanafunzi. La pili lilikabidhiwa kwa Louis Deslauriers na Ellen Schelew, wasio na uzoefu mkubwa wa kufundisha. Matokeo waliyachapisha mwaka 2011 katika jarida la Science, wakiwa na Carl Wieman, mshindi wa Nobel.

Mtihani ulipokuja, darasa la mhadhiri lilipata wastani wa asilimia 41. La wageni, 74. Mahudhurio katika darasa hilo la pili nayo yalipanda kutoka asilimia 57 hadi 75, na hilo ndilo lililonigusa zaidi, kwa sababu hakuna anayemlazimisha mwanafunzi wa chuo kuja.

Wengi wataisifu teknolojia. Lakini madarasa yote mawili yalikuwa na vifaa vilevile vya mkononi vya kubonyezea majibu. Kwa mhadhiri, kitufe kilikuja baada ya maelezo, kupima nani ameelewa, kila mtu kivyake. Kwa Deslauriers, swali ndilo lililofungua somo. Wanafunzi walikuwa wameshasoma kurasa chache nyumbani na kujibu jaribio fupi mtandaoni. Wakifika, swali gumu liko ukutani: wanabishana na jirani, wanabonyeza, kisha mwalimu anaanzia pale walipokosea. Mwanafunzi aliyekwisha kuchagua jibu anataka kujua kama amepatia. Hiyo ndiyo hamasa yenyewe, na hata aliyekaa safu ya nyuma kabisa anaipata, kwa kuwa naye ameulizwa.

Ni kweli, wiki moja ni muda mfupi, na ugeni wa jambo huchangamsha. Hata hivyo tofauti ya alama 33 siwezi kuihesabu kuwa ni ugeni mtupu.

Kwa hiyo, mhadhiri mwenzangu unayesubiri bajeti ya vifaa, usisubiri. Wape wanafunzi kadi zenye herufi A hadi D, uliza swali, waache wabishane, kisha wazinyanyue. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, Nathaniel Lasry, mwalimu wa fizikia huko Montreal, alilinganisha kadi na vitufe katika ufundishaji wa namna hii. Wanafunzi wa kadi walijifunza sawa na wenzao wa vitufe.