Useremala wa Kipapiamento

Chukua sentensi moja tu: *E karta a wòrdu skirbí*. Barua imeandikwa. *Karta* na *skirbí* ni mbao za Kireno au Kihispania. *Wòrdu*, lenye kazi ya kuonyesha kutendwa, limetoka kwa Waholanzi. Pitisha kidole, huoni mahali zilipounganishwa.

Lugha hii ni ya Aruba, Bonaire na Curaçao, visiwa vilivyo karibu na pwani ya Venezuela, na jina lake limetokana na *papia*, kusema. Waholanzi waliitwaa Curaçao mwaka 1634, wakaigeuza soko la watumwa kutoka Afrika. Sarufi ya Kipapiamento inafanana mno na Krioli za Cape Verde na Guinea-Bissau, hata baadhi ya wataalamu wanasema mbegu ilivuka bahari kutoka huko. Maandishi yake ya kale zaidi yanayojulikana ni barua ya mwaka 1775, ambayo Myahudi wa Curaçao alimwandikia mpenzi wake. Kumbe kufikia wakati huo lugha ya watumwa ilikwisha kuingia hadi chumbani.

Mimi napenda zaidi vitenzi vyake. Sisi hubandika viambishi hadi kitenzi kinabadilika sura. Wao hukiacha kilivyo, wakaweka kijineno mbele: *mi ta papia*, ninasema. *Mi a papia*, nimesema. *Mi tabata papia*, nilikuwa nikisema. Isipokuwa *lo* ya wakati ujao, ambayo hutangulia hata nafsi: *lo mi papia*. Asili yake ni *logo* ya Kireno, yaani baadaye kidogo, neno linaloweza kufungua sentensi. Limepewa kazi mpya, lakini halijahama kiti chake.

Halafu kuna *nan*, maana yake "wao", ambayo pia hufanya wingi. *Stul* ni kiti, *stulnan* ni viti. Ukishataja idadi, *nan* hukaa nje: *dos stul*. Nikilinganisha na "viti viwili" vyetu, tunaotangaza wingi mara mbili na bado tunahesabu, naona wivu kidogo.

Tahajia ni mbili: Curaçao huandika *kas*, Aruba *cas*, na nyumba ni ile ile. Ila *para* huwasumbua wageni. Ni ndege, na pia ni kusimama; hutenganishwa na toni, ambayo herufi haziionyeshi. Mwenyeji husoma bila kusita. Mgeni anasubiri kuona kama litaruka.