Neno "Jaribio" na Msamiati wa Maabara

Istilahi za sayansi zimejadiliwa mno na wanaisimu, na kwa kawaida mjadala hushika njia moja: neno litoholewe au liundwe? Mimi napenda kulitazama jambo hili kwa upande wa mwanafunzi, ambaye huyatumia maneno hayo chombo kikiwa motoni mbele yake.

Niliwapa wanafunzi wangu hapa Kampala zoezi la insha: waeleze kwa Kiswahili jinsi walivyochemsha maji katika maabara na kuyapima kwa kipimajoto. Karibu wote waliandika kwamba maji yalichemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Nikashuku. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kadiri mtu apandavyo, kanieneo ya hewa hupungua, maji nayo huchemka mapema. Hapa kwetu huchemka karibu na nyuzi 96. Nilipouliza, msichana mmoja alijibu bila kusita: "Mwalimu, kipimajoto kilisimama kwenye 96. Tukaona jaribio letu limeshindwa, tukaandika ya kitabuni."

Sehemu ya lawama naiweka juu ya neno lenyewe. Jaribio latokana na kujaribu, na ajaribuye ama hufaulu ama hushindwa. Isitoshe, mtihani mdogo wa darasani nao huitwa jaribio, nao una jibu moja sahihi na kalamu nyekundu ya mwalimu. Basi mtoto aingiapo maabara huingia kama mtahiniwa, na nambari asiyoitarajia huihesabu kuwa kosa lake. Neno hili hatuwezi kuling'oa. Limeota mizizi tangu Tanzania ilipoanza kufundisha sayansi ya shule za msingi kwa Kiswahili mwishoni mwa miaka ya 1960. Lakini vitenzi twaweza kuvichagua. Tuseme jaribio limefanyika na limeonyesha kadha wa kadha. Tuache kusema limefaulu au limeshindwa.

Kinyume chake, halijoto ni neno la kusifiwa. Maji yakisha kuchemka, ukizidi kuchochea moto, joto huendelea kuingia lakini halijoto haipandi, kwani joto lote hutumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Kwa neno joto peke yake, maelezo hayo yangekuwa kitendawili. Ajabu ni kwamba kipimajoto, licha ya jina lake, hupima halijoto! Uzito na tungamo vina kisa cha namna hiyo hiyo, ila masokoni tungamo bado ni mgeni.

Nadharia tete wako wanaoibeza, wakiona afadhali haipothesia. Mimi naitetea. Kilicho tete chaweza kuvunjika, na mwanafunzi asikiapo hivyo huelewa kwamba wazo lake limeletwa maabarani ili lipigwepigwe. Haipothesia haimwambii kitu.

Kidhibiti ndicho kinachonitatiza zaidi. Chukua miche miwili ya maharage, mmoja ndani ya kabati lenye giza, mwingine dirishani kama kawaida. Huu wa dirishani ndio uitwao kidhibiti, ilhali haudhibiti chochote. Upo ili ule wa kabatini ulinganishwe nao. Wanafunzi, kwa kulifuata neno, humwonyesha mwalimu kabati, maana ndilo lililouzuia mwanga. Wamekosea sayansi, lakini Kiswahili chao ni sahihi kabisa. Kilinganishi kingefaa zaidi, na hata "mche wa kulinganishia" haudhuru, ijapokuwa ni maneno mengi.

Msichana yule niliyemtaja aliandika upya insha yake: "Maji ilichemka, halijoto ikasimama kwenye nyuzi 96." Nilimpa alama zote isipokuwa moja, ya upatanisho wa kisarufi.