Mswada wa Pili: Riwaya ya Mpakani na Mkono wa Mhariri

Wapenzi wa ushairi hawahitaji kuhubiriwa juu ya kudurusu. Mtunzi wa tarbia akizidisha mizani moja tu, sikio la msikilizaji humshitaki papo hapo, naye hana budi kuurudia mshororo, kulitoa neno, kulitia jengine, na kuupima tena kwa kuuimba. Mwandishi wa riwaya hana mlinzi wa namna hiyo. Ukurasa wake unaweza kubeba maneno mia ya ziada na asiwepo wa kumzomea. Ndiyo maana kazi ya kuupitia upya mswada wa riwaya ni nzito: mwandishi hulazimika kujitungia mwenyewe kipimo ambacho mshairi amerithishwa na waliomtangulia.

Kazi hiyo ina hatari yake, nayo haizungumzwi vya kutosha. Aghalabu hudhaniwa kwamba mswada wa kwanza ndio wenye makosa na wa pili ndio wenye usahihi, na kwa hivyo wa pili lazima uwe bora. Kwa riwaya inayoandikwa mbali na pwani, mambo huweza kwenda kinyume. Mswada wa pili unaweza kuwa sahihi zaidi, ilhali umepoteza kile kilichoifanya riwaya hiyo istahili kuandikwa.

Tunduma ni mahali pazuri pa kulipimia jambo hili. Mji huu upo katika Mkoa wa Songwe, ukingoni mwa Tanzania, ukitazamana na Nakonde ya Zambia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, zote zinavukia hapo. Malori hupanga foleni, shilingi hubadilishwa kwa kwacha, na Wanyamwanga wapo upande huu na upande ule, kwani mpaka uliwekwa juu ya ardhi waliyokuwa wakiishi tayari. Anayekulia mji huo husikia Kinyamwanga nyumbani, Kibemba sokoni, Kiswahili shuleni na kwa askari. Na Kiswahili chenyewe hukisikia kwa madereva na utingo waliotoka kila pembe ya nchi. Kwa mwandishi wa riwaya, hiyo ni mali ambayo haipatikani kwa kusoma.

Chukuliwe mfano wa kubuni. Mwandishi kijana wa Tunduma anaandika juu ya utoto wa msichana ambaye mama yake huishi kwa kuvusha bidhaa. Katika mswada wa kwanza imo sentensi hii: “Tulivusha sukari usiku kwa njia ya panya, mama mbele, mimi nyuma, na mbwa hakubweka.” Mwezi mmoja baadaye mwandishi anaurudia mswada wake, safari hii akiwa na kamusi mezani na hofu moyoni. “Kuvusha” anaona si neno la kitabu. “Njia ya panya” anaona ni lugha ya mitaani. Mbwa anaona hana kazi. Sentensi inatoka hivi: “Tulisafirisha sukari kwa njia isiyo rasmi wakati wa usiku.” Kisarufi haina dosari hata moja. Ingeweza kuwekwa katika taarifa ya mkuu wa wilaya, na humo ndimo ilimotoka. Msichana hayumo tena; aliyebaki ni karani.

Kuna njia ya tatu, nayo ndiyo kudurusu kwa kweli. Mwandishi anaisoma sentensi yake ya kwanza kwa sauti na kuuliza, si kama ni sahihi, bali inajua nini. Anagundua kwamba mbwa ndiye aliyebeba siri yote. Mbwa asiyebweka usiku anawafahamu wapitao. Basi mama na mwana hawakupita mara moja. Tena ni mbwa wa upande gani? Hapo mwandishi anaandika: “Mama mbele, mimi nyuma, sukari kichwani. Mbwa wa Nakonde hakubweka.” Usiku umeondolewa kwa kuwa ukimya wa mbwa unautosheleza. Njia ya panya nayo imeondoka, lakini haikuondoka kwa aibu. Itarudi ukurasa mwengine, kinywani mwa mama, ambako itasikika kwa uzito wake. Na lile jina moja, Nakonde, limesema juu ya mpaka jambo ambalo sura nzima ya maelezo isingelisema: mbwa wa nchi nyengine anawaona hawa kuwa watu wa nyumbani.

Tofauti ya mswada wa pili na wa tatu si ya ufundi peke yake. Ina historia. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha kwa makoloni ya Afrika Mashariki, baada ya Kiunguja kuteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuipitia lugha ya vitabu kabla ya kuruhusiwa kutumika. Faida yake haiwezi kubezwa: bila usanifishaji huo, msomaji wa Vwawa na msomaji wa Wete wasingelikutana katika kitabu kimoja kwa urahisi huu. Lakini pamoja na tahajia moja, waandishi walirithi pia mhariri asiyeonekana, anayekaa begani kwa kila aliyejifunza Kiswahili shuleni. Mhariri huyo hana swali zaidi ya moja: je, neno hili limo kamusini?

Msomaji wa visiwani yafaa ajue kwamba yeye amesalimika na mkono huo kuliko wengi. Itazamwe *Vuta N’kuvute* ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Usanifu mkavu ungetaka “nikuvute”. Ritifaa ile imeachwa juu ya jalada kwa sababu ndivyo neno linavyotamkwa, na wanafunzi wa sekondari huko bara wameisoma riwaya hiyo bila kudhurika. Haji Gora Haji, mshairi wa Tumbatu aliyefariki mwaka 2021, alitunga kwa maneno ya kisiwa chake ambayo hata mtu wa Mjini alihitaji kufafanuliwa, na diwani yake *Kimbunga* ikachapishwa mwaka 1994 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam. Hakuna aliyesema kwamba maneno hayo ni makosa. Yaliitwa utajiri wa lahaja. Swali la haki ni hili: kwa nini neno la Tumbatu liitwe utajiri, na neno la Tunduma liitwe uchafu?

Jawabu la kawaida ni kwamba Kitumbatu ni Kiswahili na Kinyamwanga si Kiswahili. Ni kweli. Lakini jawabu hilo halitoshi, na aliyelijibu vizuri zaidi ni mzee wa kisiwa chengine, katika maji matamu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ikakosa mchapishaji kwa lugha hiyo. Miaka ikapita, mwandishi akazeeka, na hatimaye akaiandika upya yeye mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House iliitoa kwa juzuu mbili mwaka 1980, miaka 35 baada ya mswada wa awali kukamilika. Mwaka uliofuata Kitereza alifariki dunia. Katika fasihi ya Tanzania ni vigumu kutaja mswada mwengine uliorudiwa kwa gharama kubwa kuliko huo.

Namna alivyourudia inaonekana tangu jalada: *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*. Kiswahili kimekuja na adabu yake, “Bwana” na “Bibi”, kikasimama mbele ya majina kama mgeni anayebisha hodi. Na majina manne ya Kikerewe yamebaki wima, bila kufupishwa wala kulainishwa kwa ulimi wa pwani. Kitereza alibadilisha lugha nzima ya kitabu chake bila kubadilisha nchi yake. Msomaji wa pwani hulazimika kwenda Ukerewe. Ukerewe haikuletwa kwake ikiwa imevishwa kanzu. Hata hivyo, Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwengine wa Ukerewe, alipokitafsiri kitabu hicho kwa Kiingereza na kukichapisha mwaka 2002, alikwenda kwenye mswada wa Kikerewe, si kwenye Kiswahili. Hiyo ni hukumu ya kimya. Kila tafsiri, hata ifanywe na mwenyewe, huacha kitu nyuma, na ni vyema mswada wa kwanza usichomwe moto.

Isidhaniwe kwamba hoja hii ni ruhusa ya kuacha kila kitu kama kilivyotoka. Mswada wa kwanza wa mwandishi wa mkoani una ugonjwa wake pia, nao ni kutaka kuonyesha kila kilichomo mkoani. Sura ya kwanza itakuwa na kimondo cha Mbozi, kahawa ya Mbozi, Ziwa Rukwa na reli, vyote kabla mtu yeyote hajafungua kinywa. Huo ni ukarimu wa mwenyeji, si riwaya. Kimondo kile ni cha ajabu kweli, tani nyingi za chuma kutoka angani zilizolala katika ardhi ya wakulima. Lakini kikiingia riwayani lazima awepo mtu wa kukiegemea, au mtoto aliyekatazwa kukigusa. Visipokuwa na wa kuvitazama, vitu hivyo ni postikadi, na kalamu ya mwandishi mwenyewe ndiyo inayopaswa kuvikata kabla ya mhariri.

Yapo pia makosa ambayo si ya lugha wala ya umbo, bali ya kalenda, na hapo mhariri mwenye kujua mahali ni hazina. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mhusika anayeishi Tunduma mwaka 1995 hawezi kusema anatoka Songwe mkoani. Yeye ni mtu wa Mbeya. Zambia iliondoa sifuri tatu katika fedha yake tarehe 1 Januari 2013, elfu moja ya zamani ikawa kwacha moja. Kwa hivyo mama aliyevusha sukari kabla ya hapo alihesabu maelfu, na anayehesabu kwacha tano tano katika sura ya mwaka 2005 amevaa saa isiyo yake. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019. Dereva wa riwaya ya kabla ya hapo alisimamishwa na kukaguliwa mara mbili, na subira ile ya mara mbili yaweza kuwa ndiyo sura bora ya kitabu. Usahihi wa aina hii haui mahali. Unapajenga.

Mtihani mkubwa zaidi ni mazungumzo. Mama wa riwaya yetu ya mfano husema Kinyamwanga na kaka yake, Kibemba na mnunuzi, Kiswahili na askari. Mswada wa kwanza huwafanya wote waseme Kiswahili kimoja cha daftari. Mswada wa pili, ukitaka kurekebisha, hujaza maneno ya Kinyamwanga na kuyafasiri chini ya ukurasa, mpaka msomaji akawa anashuka na kupanda kama mtu wa ngazi. Dawa ipo katika mwenendo wa sentensi. Kwa askari mama aseme kwa tahadhari, kwa “shikamoo afande” na sentensi ndefu yenye kujieleza. Kwa mnunuzi aseme kwa tarakimu. Kwa kaka yake aseme kwa maneno machache yaliyokatika, kwa sababu waliozaliwa nyumba moja hawana haja ya kumalizia sentensi. Msomaji wa Makunduchi, ambaye kwao yapo mazungumzo ya nyumbani na mazungumzo ya Mjini, atatambua mara moja kwamba lugha imebadilika ingawa herufi ni zile zile.

Ni nani basi atakayekaa na mwandishi huyu? Siku hizi kuna milango ambayo Kitereza hakuwa nayo. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea hata miswada isiyochapishwa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Ni heri kubwa. Lakini tuzo hupokea kilichokwisha kuiva, wala haikai na mtu jikoni. Baina ya mswada wa kwanza na siku ya kuupeleka kwenye tuzo kuna miezi ambayo mwandishi wa Tunduma yupo peke yake na yule mhariri wa begani mwake, na katika miezi hiyo ndipo mbwa wa Nakonde hufutwa.

Wasomaji wa visiwani wana sehemu yao katika jambo hili. Lugha yao ndiyo iliyopewa heshima ya kuwa kipimo, na sikio lao ndilo ambalo mwandishi wa mbali huliogopa anapokata maneno yake. Tena wao wenyewe si wageni wa hadithi ile. Pemba inajua magendo ya karafuu, ngalawa za usiku na mama waliolea wana kwa kilichovuka bila kuandikwa. Siku riwaya ya Tunduma itakapofika Unguja na Pemba ikiwa na njia zake za panya, isipokelewe kwa kuhesabiwa makosa. Isomwe kwa sauti kwanza, kama unavyosomwa ubeti, ili isikike inajua nini.