Nyaya Nne Badala ya Mmoja: Walivyoidhibiti Korona Québec

Waya wa msongo mkubwa huvuja umeme hata ukiwa mzima. Kwenye usawa wa bahari, uga wa umeme ukifika kama kilovolti 30 kwa sentimita, elektroni chache zilizomo hewani hukimbizwa, zikagonga molekuli na kubandua elektroni nyingine. Ndipo waya unapochakacha, redio za jirani zikakoroma, na usiku wa giza ukaonekana mwanga wa zambarau. Hiyo ndiyo korona, na umeme unaoiwasha haumfikii mteja.

Mwaka 1965 Hydro-Québec ya Kanada iliwasha laini ya kwanza duniani ya kilovolti 735, kutoka mabwawa ya kaskazini hadi Montréal. Wazo lilikuwa la mhandisi Jean-Jacques Archambault: kupandisha msongo ili laini chache zibebe kazi ya nyingi. Kikwazo kilikuwa hewa.

Tupige hesabu ya kukadiria. Waya mmoja wenye kipenyo cha sentimita 3.5 ungekuwa na uga wa karibu kilovolti 50 kwa sentimita kila wimbi linapofika kileleni. Ungechakacha mwaka mzima. Kuushusha uga huo hadi 22 kungehitaji waya mnene wa sentimita 9 hivi, mzito kuliko nyaya nne nyembamba kwa pamoja. Nani angeuvuta juu ya minara?

Wakatumia hizo nne. Kila fezi ilipewa nyaya nne zilizopangwa mraba, sentimita 46 kati ya waya na waya, zikitenganishwa kwa vishikizo. Chaji ikagawanyika, uga ukashuka hadi hiyo 22 kwa gharama ya nafasi tupu katikati. Sweden ilishatangulia na nyaya mbili kwenye laini ya kilovolti 380 mwaka 1952, lakini Québec ndiko mbinu hii ilikojaribiwa hasa.

Mvua haikushindwa. Tone linaloning'inia chini ya waya huchongoka, na uga hujazana kwenye ncha. Ndiyo maana laini hizo huvuma zaidi siku za mvua.

F. W. Peek wa General Electric alikwishaonyesha mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba hewa nyepesi huwahi kushindwa. Iringa, mita 1,500 na zaidi juu ya bahari, hewa imepungua uzito kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Vipimo vya nyaya vinavyofaa Dar es Salaam visipelekwe huko bila kupigiwa hesabu upya.