Chawa wa Kichwa cha Nani?

Nikiwa kidato cha kwanza, matroni alininyoa kipara kwa wembe mbele ya bweni zima. Kosa lilikuwa la chawa, lakini aibu ilikuwa yangu. Hakuna aliyewalaumu wadudu. Wenzangu walitaka kujua jambo moja tu: naishije mpaka wakanipenda hivyo?

Siku hizi, hapa Tanzania, aibu imehama. Tukisema “chawa” mara nyingi tunamaanisha mtu anayemsifia mwenye pesa au cheo ili naye apate. Kazi yake tunaiita uchawa. Ni neno tamu, limebeba picha yote: kung’ang’ania, kunyonya, kusafiri bure juu ya kichwa cha mwingine. Nimelitumia sana na kucheka. Lililonifanya nilitilie shaka ni neno la Kigiriki, phthiriasis.

Madaktari wa leo wamelibakizia kazi ndogo, kutaja chawa wa sehemu za siri. Zamani lilitaja maradhi ya kutisha: nyama ya mtu iliaminika kuoza na kugeuka chawa. Plutarch, mwandishi Mgiriki wa zama za utawala wa Roma, anasimulia kuwa dikteta Sulla, aliyefariki mwaka 78 KK, alipatwa na hayo. Watumishi waliwatoa usiku na mchana, lakini chawa walijaa kwenye nguo, maji ya kuoga, hata chakula. Muda mfupi kabla, Plutarch anatuonyesha Sulla huyohuyo akinywa kutwa na waigizaji na wapiga muziki wake.

Kisayansi si kweli. Chawa hutoka kwenye yai la chawa mwingine, hazaliwi na nyama. Lakini hadithi hiyo inajua jambo ambalo neno letu linalisahau: ugonjwa ni wa mwenye mwili.

Plutarch ana pia insha juu ya kumtofautisha rafiki na anayejipendekeza. Humo anawafananisha wanaojipendekeza na chawa, ambao huuhama mwili unapoanza kufa. Alituwahi kwa karibu miaka 1,900. Ila hasemi na chawa. Anasema na mwenye kichwa. Anaanza kwa kumkumbusha kwamba msifiaji wa kwanza wa mtu ni yeye mwenyewe, na huyo ndiye humfungulia mlango msifiaji wa nje.

Hapo ndipo “uchawa” unapopungua. Unataja tendo la mnyonyaji, haugusi hamu ya mnyonywaji. Tunamcheka kijana asiye na ajira anayeimba sifa mtandaoni, na bosi anayemlipa nauli ya kuja kuimba tunaendelea kumwita mheshimiwa.

Najua kwa sababu nimewahi kuimba. Niliandika uhakiki wa sifa tupu juu ya kitabu kibovu, kwa kuwa mwandishi wake alikuwa na nafasi ya kunipa. Uchawa ule ni wangu, siukani. Lakini alinishukuru, akaniomba niandike mwingine. Kwa tendo hilo la pili sina neno.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hiyo nikisikia mtu anaitwa chawa, sicheki tena haraka. Nauliza kwanza: wa kichwa cha nani?